Kiingereza Kinachosafiri na Mgonjwa

Mama mjamzito aliyepatwa na kifafa cha mimba hufikishwa hospitali ya rufaa akiwa hajitambui. Anayemsindikiza, awe muuguzi wa kituo cha afya au ndugu yake, huwa ameshika karatasi iliyokunjwa. Katika karatasi ya namna hiyo mstari kama huu si wa ajabu: “Magnesium sulphate given at 3:00.” Mwalimu wa lugha asingeutia wino mwekundu. Maneno yameandikwa sawasawa, mpangilio ni ule uliozoeleka katika barua za tiba, na kila anayeusoma huuelewa papo hapo. Tatizo ni kwamba watu wanne wanaweza kuuelewa papo hapo kwa njia nne.

Aliyeandika huenda alikuwa akihesabu saa kwa Kiswahili, kama alivyozihesabu tangu utotoni. Basi alimaanisha saa tatu. Huenda alikuwa akihesabu kwa Kiingereza, kama alivyozoea chuoni. Basi alimaanisha saa tisa. Na kwa kuwa hakuandika asubuhi, alasiri wala usiku, kila moja ya saa hizo ina pande mbili. Katika utaratibu wa kudunga dawa hiyo kwenye msuli, mama hupewa kwanza gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye msuli, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Muuguzi anayempokea saa tano asubuhi ana hesabu ya kufanya. Kama dozi ya kwanza ilitolewa saa tatu asubuhi, zimebaki saa mbili kabla ya inayofuata. Kama ilitolewa saa tisa usiku, dozi hiyo imekwisha kuchelewa kwa saa nne. Akidunga mapema mno, dawa ikizidi mwilini huondoa kwanza ule mruko wa mguu goti linapogongwa, kisha hudhoofisha pumzi. Akisubiri mno, kifafa kinaweza kurudi. Muuguzi makini atagonga goti, atahesabu pumzi na kuangalia kiasi cha mkojo, kama inavyopasa kabla ya kila dozi. Hata hivyo karatasi iliyoletwa ili imsaidie imemwongezea swali.

Mazungumzo kuhusu Kiingereza cha wahudumu wa afya nchini Tanzania huanzia mahali pasipo na hatari. Kijana aliyetoka chuoni akiandika “patient is sick since two weeks”, wakubwa wake hucheka, na barua huzungushwa chumbani kama kichekesho. Akiandika “the child he was vomiting”, huulizwa alisoma shule gani. Ni kweli kwamba sentensi zote mbili zina kasoro. Lakini hakuna daktari duniani atakayeshindwa kujua kwamba mgonjwa wa kwanza ameugua kwa wiki mbili na kwamba mtoto wa pili alikuwa akitapika. Kasoro hizo humwaibisha mwandishi; mgonjwa hazimgusi. Kasoro ya kuogopwa ni ile isiyochekesha mtu, ile iliyomo katika sentensi laini yenye sarufi safi na maana mbili. Sarufi mbovu hujitangaza, na msomaji hupunguza mwendo akiiona. Utata haujitangazi. Msomaji huupita kwa kasi akiamini ameelewa, na huko mbele hutenda jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Kwa hiyo usahihi wa Kiingereza cha hospitali haupaswi kupimwa kwa ukaribu wake na Kiingereza cha London. Kipimo kinachofaa ni kigumu zaidi: je, msomaji asiyemjua mwandishi, aliyechoka, aliye katikati ya zamu ya usiku na asiye na namba ya simu ya kuuliza, anaweza kutenda jambo moja tu baada ya kuusoma mstari huu? Kwa kipimo hicho wapo Waingereza wengi watakaoanguka, na wapo matabibu wa zahanati za mbali, wenye Kiingereza cha kuungaunga, watakaopita kwa heshima.

Ugumu wa pekee kwa mwandishi aliyekulia katika Kiswahili ni kwamba historia ya ugonjwa huipokea katika lugha moja na kuiandika katika nyingine, na kazi hiyo ya kutafsiri huifanya bila kujua kwamba anatafsiri. Mgonjwa husema, “Naumwa kifua.” Kalamu huandika “chest pain”. Neno kwa neno, tafsiri hiyo haina lawama. Lakini katika Kiswahili cha kila siku kifua si kiungo tu. Ni kikohozi pia, ni kubanwa na pumzi, ni makohozi yasiyokwisha. Mama husema mtoto “ana kifua” bila kumaanisha maumivu hata kidogo, na jina lenyewe la kifua kikuu ni ushahidi wa upana huo. Mzee aliyekohoa kwa wiki tatu, akipungua uzito, anaweza kufika kwa daktari wa pili akiwa na barua inayozungumzia maumivu ya kifua. Daktari huyo, kwa haki kabisa, ataanza na moyo. Ataagiza kipimo cha umeme wa moyo, ataulizia presha, na makohozi, ambayo kwa kikohozi cha wiki mbili au zaidi yalipaswa kupimwa mapema, yatasubiri.

Mguu nao huanzia nyongani na kuishia kwenye vidole. Kiingereza hugawa urefu huo kwa majina mawili, na ugawaji huo una maana katika tiba, kwa sababu kidonda kilicho chini ya nyayo za mgonjwa wa kisukari na kidonda kilicho juu ya kifundo kwa kawaida havina chanzo kimoja wala havitunzwi kwa njia moja. Anayeandika “leg ulcer” kwa sababu mgonjwa alisema “kidonda cha mguu” amempeleka msomaji mahali pasipo. Mkono, tumbo, kizunguzungu na ganzi vina hadithi zinazofanana na hizo.

Dawa ya tatizo hili haihitaji kamusi kubwa. Inatosha mwandishi kuyaacha maneno ya mgonjwa yabaki kama yalivyosemwa, kisha kueleza kwa Kiingereza alichokithibitisha kwa kuuliza na kupima: mgonjwa alisema “kifua”, akiulizwa zaidi, anakohoa kwa wiki tatu, anatoa makohozi, hana maumivu. Wapo watakaoona aibu kuchanganya lugha mbili katika barua rasmi. Aibu hiyo haina msingi. Barua ya rufaa inayotoka Kilosa kwenda Morogoro husomwa na mtu anayekijua Kiswahili sawasawa na aliyeiandika, na hakuna kanuni ya tiba inayodai kwamba dalili iliyosemwa kwa lugha moja lazima ipoteze nusu ya maana yake kabla ya kuandikwa.

Lipo pia suala la viwakilishi, ambalo walimu hulitaja kwa haraka kama kosa dogo. Kiswahili hakibagui mume na mke katika kitenzi. “Alikuja” ni yeye yeyote. Ndiyo maana hata waandishi wazuri huanza barua kwa “she” na kuimaliza kwa “he”. Mara nyingi msomaji husamehe. Lakini katika wodi yenye wagonjwa wawili wenye jina la ukoo linalofanana, karatasi inayobadili jinsia katikati humfanya karani au muuguzi ajiulize kama kurasa mbili za watu wawili zimebanwa pamoja kwa pini moja. Hatari kubwa zaidi hujitokeza watu wawili wanapoingia katika sentensi moja: “The mother brought the child because she had fever.” Nani mwenye homa? Sarufi haijibu. Kama mtoto ni wa siku nne, homa ya mama na homa ya mtoto ni dharura mbili tofauti, na kila moja ina njia yake. Mwandishi aliyerudia neno, akasema “because the child had fever”, ameandika sentensi isiyopendeza sana masikioni mwa wanaochukia marudio. Katika barua ya tiba, marudio ni adabu.

Vihusishi vidogo vya Kiingereza navyo vina uzito usiolingana na udogo wao. Mgonjwa anayetumia miligramu 20 za prednisolone kwa siku, akiandikiwa dozi ipunguzwe “by 5 mg”, atabaki na 15. Akiandikiwa “to 5 mg”, atabaki na 5. Tofauti ni neno moja la herufi mbili, na mwili uliozoea dawa hiyo kwa miezi hauwezi kuvumilia kila aina ya mteremko. Kiswahili kina tofauti hiyohiyo kati ya “kwa” na “hadi”, kwa hiyo hapa lugha ya kwanza haina lawama. Lawama ni ya haraka. Anayetaka kuwa salama huandika namba zote mbili, ile ya zamani na ile mpya.

Haraka ndiyo mama wa vifupisho, na juu ya vifupisho dunia ya tiba imejifunza kwa gharama. Mwaka 2004 Joint Commission, taasisi inayoidhinisha hospitali nchini Marekani, ilitoa orodha rasmi ya vifupisho visivyoruhusiwa katika maagizo ya dawa. Herufi U kwa maana ya yuniti ilikuwa miongoni mwao, kwa sababu ikiandikwa kwa mkono karibu na namba hugeuka sifuri: yuniti 10 za insulini husomeka 100. Sifuri inayofuata nukta bila sababu ilipigwa marufuku, maana 1.0 ambayo nukta yake imefifia ni 10. Namba inayoanza na nukta tupu nayo ilikatazwa, maana .5 bila sifuri mbele husomeka 5. Vifupisho vya kikemia vya morphine sulphate na magnesium sulphate viliingizwa pia, kwa kuwa hufanana kiasi cha mmoja kuchukuliwa kuwa mwingine. Katika wodi za wazazi za Afrika Mashariki, ambako dawa hiyo ya pili hutumika mara kwa mara, onyo hilo si habari ya mbali.

Kifupisho kimoja ambacho hakijapata lawama inayokistahili ni “R/O”. Mwandishi mmoja hukitumia kumaanisha kwamba ugonjwa fulani unapaswa kuchunguzwa ili uthibitishwe au uondolewe shakani. Mwingine hukisoma kama taarifa kwamba uchunguzi umekwisha na ugonjwa haupo. “R/O TB” kwa hiyo ni agizo la kupima na pia ni tangazo kwamba hakuna haja ya kupima. Alama ya kuuliza iliyowekwa mbele ya “malaria” ina tabia nyingine mbaya: katika kunakiliwa kutoka faili kwenda rejista hudondoka njiani, na shaka ya asubuhi huwa uhakika wa jioni. Maneno kamili yapo na si marefu: malaria inashukiwa, kipimo bado, au, malaria imepimwa, haikuonekana.

Familia moja ya Uingereza inaonyesha vizuri jinsi mvutano kati ya ufupi na uwazi ulivyo mkongwe. Sir William Gowers, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu mjini London katika karne ya 19, anajulikana kwa kila mwanafunzi wa udaktari kwa dalili iitwayo kwa jina lake: mtoto mwenye misuli dhaifu ya nyonga anayejiinua kutoka sakafuni kwa kuyapanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono. Daktari huyo alikuwa na mapenzi makubwa na hati mkato, akataka madaktari wote waitumie katika kuandika habari za wagonjwa, hata akaanzisha chama kwa ajili hiyo. Mwanawe Ernest hakuwa daktari. Alikuwa mtumishi wa serikali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa ombi la Hazina ya Uingereza, aliandika kitabu cha kuwafundisha maofisa kuandika Kiingereza kinachoeleweka na raia. Kilitoka mwaka 1948 kwa jina la Plain Words, na toleo lililokusanya kazi yake yote, The Complete Plain Words, likafuata mwaka 1954. Baba alitafuta njia ya mwandishi kumaliza haraka, mwana akatafuta njia ya msomaji kuelewa haraka. Kwa upande wa Afrika Mashariki familia hiyo ina kumbukumbu nyingine: mwana wa kwanza, William Frederick Gowers, alikuwa Gavana wa Uganda kuanzia mwaka 1925 hadi 1932, na ndiye aliyejaribu kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya utawala na elimu nchini humo, akapingwa vikali, hasa Buganda.

Hati mkato ya Gowers mzee ilikufa. Lakini hamu yake inaishi katika kila cheti chenye mistari ya herufi ambazo hazisomeki nje ya wodi zilimozaliwa. Kifupisho cha idara ya watoto si lazima kiwe na maana ileile katika idara ya upasuaji, na mgonjwa anayehamishwa huvuka mpaka huo akiwa na karatasi ileile.

Mahali ambapo Kiingereza humfikia mgonjwa moja kwa moja ni kwenye dawa. Mwaka 2006 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika kliniki za miji mitatu ya Marekani, Shreveport, Jackson na Chicago, kwa watu wazima 395 wanaozungumza Kiingereza. Walionyeshwa maandishi ya chupa za dawa za kawaida. Moja lilisema: “Take two tablets by mouth twice daily.” Miongoni mwa wenye uwezo mdogo wa kusoma, takriban 71 katika kila 100 waliweza kuyarudia maneno hayo kwa usahihi. Walipoombwa kuonyesha ni vidonge vingapi vya kumeza kwa siku, walioweza walikuwa takriban 35 tu katika kila 100. Sentensi ina maneno saba, haina msamiati mgumu, na wasomaji wanazungumza lugha yenyewe. Kilichowashinda ni namba mbili zilizofuatana, mbili na mara mbili, ambazo zinamtaka mgonjwa azidishe kichwani. Wanaoishi na Kihispania nchini humo wana mtego wa ziada: neno “once”, yaani mara moja, katika maandishi ya Kihispania ni kumi na moja.

Tanzania ina namna yake ya kuongeza hesabu hiyo. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 2x3, na mara nyingine 2x3x5. Mfamasia huona vidonge viwili, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Mgonjwa aliyesoma darasa la saba huona hesabu ya kuzidisha, na jibu lake ni sita au thelathini. Wapo wanaomeza mara mbili, vitatu vitatu. Hata maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka hayana kinga: “kutwa mara tatu” kwa anayekijua Kiswahili cha pwani inaweza kumaanisha kati ya macheo na machweo, na usiku mzima ukapita bila dawa inayopaswa kumezwa kila baada ya saa nane. Maandishi yanayosema “vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku wakati wa kulala” yanachukua sekunde chache zaidi na hayamdai mgonjwa hesabu yoyote. Hapa hakuna sababu ya Kiingereza kuwapo kabisa. Bahasha ni mali ya mgonjwa, na lugha ya bahasha iwe yake.

Methotrexate inastahili kutajwa peke yake. Kwa baridi yabisi dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku kwa makosa hushambulia uboho, na watu wamekufa kwa kosa hilo katika nchi zenye hospitali tajiri. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza hatua mpya za kuzuia makosa hayo. Tofauti kati ya “weekly” na “daily” kwenye karatasi yenye mwandiko mbaya ni ndogo mno kuachiwa jicho. Cheti salama hutaja siku: kila Jumatatu, na Jumatatu tu.

Wahudumu wengi watajibu kwamba yote haya ni ya mtu mwenye nafasi. Tabibu aliye peke yake zahanati, foleni ikiwa imefika kwenye mti wa uani, hana muda wa kuandika sentensi kamili. Hoja hiyo ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa na mtu anayekaa ofisini. Lakini haraka yenyewe ikichunguzwa, muda mwingi hupotea katika maneno yasiyofanya kazi. Barua huanza kwa “kindly receive the above mentioned patient for your further expert management”, ambayo haimwambii mpokeaji lolote asilolijua kwa kumwona mgonjwa mbele yake, na kumalizikia na dawa zilizofupishwa hadi hazisomeki. Adabu imepewa mistari miwili, na dozi imepewa herufi mbili. Heshima kwa daktari bingwa inaweza kupunguzwa kidogo ili nafasi ipatikane ya kuandika saa.

Wengine watasema tiba yote iandikwe kwa Kiswahili na mjadala ufungwe. Huenda siku hiyo ikafika. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, jambo ambalo wengi waliliona kuwa gumu. Kwa sasa madaktari hufundishwa kwa Kiingereza, vitabu vya dozi ni vya Kiingereza, na mgonjwa anaweza kuvuka mpaka kwenda kutibiwa India. Isitoshe, Kiswahili hakitaponya fikra isiyonyooka. Anayeandika “alipewa dawa akapata nafuu kisha akazidiwa” bila kutaja dawa, siku wala saa hajamsaidia mpokeaji zaidi ya aliyeandika upuuzi huohuo kwa Kiingereza.

Na mgonjwa? Mazoea yamemfanya kuwa mchukuzi wa barua asiyepaswa kuisoma, ilhali ndiye mtu pekee aliyekuwapo wakati kila jambo lililoandikwa lilipotokea. Mwaka 2018 Academy of Medical Royal Colleges ya Uingereza ilitoa mwongozo unaowahimiza madaktari wa kliniki kumwandikia mgonjwa mwenyewe, daktari wake wa mtaani akipewa nakala. Anayejua kwamba mgonjwa atasoma huacha baadhi ya maneno yaliyozoeleka. Shirika la Afya Duniani liliona haja hiyo katika rejista za kifua kikuu: katika maelezo yaliyorekebishwa mwaka 2013, neno “defaulter”, lenye sauti ya mdaiwa sugu, liliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na maneno yasemayo tu kwamba mgonjwa hakuonekana tena kliniki, “suspect”, neno la polisi, nalo likaondoka. Kiswahili cha kliniki bado kina “mtoro wa dawa”, kana kwamba mtu aliyekosa nauli ya daladala amekimbia shule.

Mgonjwa asiyejua Kiingereza anaweza kuomba asomewe barua kwa Kiswahili kabla ya kuondoka, na muuguzi mwenye busara hataona kuwa ni ubishi. Mgonjwa atasikia kama jina ni lake, kama upande ni wa kulia kweli, kama dawa iliyomtoa vipele imetajwa. Makosa mengi ambayo sarufi haiyaoni, mgonjwa huyaona mara moja.

Barua ya mama yule mwenye kifafa cha mimba ingeweza kuandikwa kwa mistari mitatu, na hata mwenye Kiingereza kidogo angeimudu: “Magnesium sulphate: 4 g into the vein and 10 g into the muscle, at 09:00, saa tatu asubuhi. Last fit at 08:40, before the injection. Next dose, 5 g, is due at 13:00, saa saba mchana.” Muuguzi wa wodi akiisha kuyasoma hayo huinua macho kwenye saa ya ukutani. Ni saa tano na dakika kumi. Ana muda wa kumlaza mama kwa ubavu, kuweka mpira wa mkojo, kugonga goti, na kuiandaa sindano bila kukimbizana.